Hesabu Niliyoikuta Katika Msahafu

Mimi ni karani wa Serikali katika mji wa Homa Bay, na kazi yangu ni kuandika, kupanga na kuhifadhi karatasi za watu. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiniletea hesabu zao zilizoharibika, nami nikawaonyesha mahali penye kosa. Leo napenda kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyoonyeshwa kosa langu mimi mwenyewe, na kitabu kilichonionyesha ni kile nilichokuwa nikikisoma tangu utoto wangu bila kukisikia. Siandiki ili nijisifu. Atakayesoma hata mwisho ataona kwamba hapana la kujisifia. Naandika kwa kuwa najua wako wengine, wakulima na makarani kama mimi, waliosoma kitabu chao cha dini kwa ulimi tu wakadhani wamekwisha.

Chuoni Migori

Nilizaliwa Migori. Baba yangu alikuwa Mjaluo Mwislamu, mfanyabiashara wa omena aliyezichukua Karungu na Muhuru na kuzileta sokoni Migori. Sisi Waislamu si wengi katika nchi yetu ya ziwani. Dini yetu ilifika kwa wafanyabiashara na askari waliopita Mumias na Kisumu na bandari ya Kendu Bay, na hata leo msikiti wa Kendu Bay ni miongoni mwa misikiti ya zamani katika pande zetu. Basi kila mzazi Mwislamu aliona ni fahari kubwa mtoto wake ajue kusoma msahafu, wasije watu wakasema kwamba amekuwa Mwislamu wa jina tu.

Nilipokuwa na umri wa miaka sita nilipelekwa chuoni, nyuma ya msikiti, katika banda la mabati. Tulianza na alifu na be na te, tukajifunza irabu, kisha tukashika juzuu ya Amma. Hiyo ndiyo juzuu ya 30, nayo ni ya mwisho katika msahafu, lakini watoto huanza nayo kwa kuwa sura zake ni fupi. Maalim alikuwa mtu mwema mwenye fimbo nyembamba. Aliyekosea herufi alirudishwa nyuma, na aliyesoma sawasawa alisifiwa. Hapana siku hata moja tuliyoulizwa maana.

Nilihitimu nikiwa na miaka 11. Baba akachinja mbuzi, akawaalika jamaa zetu, Waislamu kwa Wakristo. Nilisoma mbele yao kwa sauti nzuri, na wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Nilipomaliza, mjomba wangu, ambaye ni Mkristo, aliniuliza kwa upole, "Na maneno hayo yanasemaje, mjomba?" Nikamtazama Maalim. Maalim akasema, "Maana itakuja baadaye." Watu wakacheka, chakula kikaletwa, nami nikalisahau swali lile. Hiyo "baadaye" ya Maalim ilichukua zaidi ya miaka 20.

Shule ya misheni

Kwa elimu ya sekondari nilipelekwa shule ya misheni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na yenye sifa njema. Baba hakuogopa. Aliniambia, "Enda ukasome, lakini usiisahau sala yako." Wala hapana mtu shuleni aliyenilazimisha kubadili dini.

Palikuwa na mwalimu mmoja, padri, aliyefundisha somo la dini. Wanafunzi wengi walisoma Biblia kwa Kidholuo, ambayo ilitolewa nzima mwaka 1953, na kila mmoja alisikia maneno ya kitabu chake kwa lugha ya mama yake. Padri yule hakuridhika mwanafunzi aliposema maneno kwa moyo. Alikuwa na maswali matatu aliyoyauliza kila siku: Nani anasema? Anamwambia nani? Na wewe unatakiwa ufanye nini? Swali la tatu ndilo lililowatoa jasho wanafunzi. Wengi waliweza kueleza habari za Ibrahimu na Musa, lakini walipoulizwa lililowahusu wao wenyewe walinyamaza wakatazama madirisha.

Nilipata alama nzuri katika somo lile. Lakini sikufikiri hata mara moja kuyachukua maswali yale matatu nikayapeleka nyumbani kwenye msahafu wetu. Niliona kwamba Biblia ni kitabu cha kuulizwa na Kurani ni kitabu cha kusomwa kwa sauti. Ndivyo nilivyolelewa, na mazoea yana taabu.

Kitabu alichokiacha baba

Baba yangu alifariki mwaka 2011. Katika sanduku lake tulikuta kitabu kinene, Kiarabu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na maelezo chini yake. Kilikuwa tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanachuoni wa Unguja, ambayo ilitolewa nzima huko Nairobi mwaka 1969, wakati yeye alipokuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Baba alikinunua Kisumu. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimechakaa kwa kufunguliwa, na za mwisho zilikuwa mpya. Nilikichukua kama ukumbusho, nikakiweka juu ya kabati langu Homa Bay, nacho kikakaa huko miaka tisa kikikusanya vumbi.

Yafaa msomaji ajue kwamba kitabu kama hicho hakikupatikana kwa urahisi. Tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923, na aliyeifanya hakuwa Mwislamu, bali Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Kiingereza Unguja, aliyetaka walimu wa Kikristo waijue dini ya jirani zao. Miaka michache baadaye, huko Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kuwaandikia Waislamu kwa Kiswahili chao wenyewe, katika gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza waijue dini yao kwa akili. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hata alipofariki mwaka 1947, naye aliacha tafsiri ya sehemu za Kurani. Mwaka 1953 Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya alitoa tafsiri yake nzima Nairobi. Waislamu wengi wa Sunni hawakuikubali, na Sheikh al-Farsy alikuwa mmoja wa walioandika kuipinga. Hata mwaka 1995 Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aliyekuwa waziri Unguja kabla ya mapinduzi ya Januari 1964 na akakaa gerezani miaka mingi baadaye, naye alitoa tafsiri yake.

Nataja mambo haya ili tuone kwamba watu hao, ijapokuwa walipingana sana, walikubaliana katika jambo moja: kwamba msomaji wa Kiswahili anastahili kuelewa anachosoma. Wao walifanya kazi ya miaka, nami nilikiweka kitabu juu ya kabati.

Usiku wa nne

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, nyumba za ibada zilifungwa mwezi wa Machi, na amri ya kutotoka nje usiku ikaanza tarehe 27 ya mwezi huo. Ramadhani ilipofika mwishoni mwa Aprili hapakuwa na tarawehe msikitini wala darsa. Nilikuwa peke yangu katika chumba cha kupanga Homa Bay, maana mke wangu na watoto walikaa Migori. Nikafuturu, nikasali, nikaona usiku ni mrefu. Ndipo nilipokishusha kitabu cha baba. Nikaazimia kusoma juzuu moja kila usiku, yaani 30 kwa siku 30, na safari hii nisome na Kiswahili chake.

Usiku wa kwanza na wa pili nilisoma haraka kama mtu anayekimbilia kumaliza kazi. Usiku wa tatu nilifika kwenye aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika msahafu, na kumbe inahusu madeni na maandishi! Inaagiza watu wanaokopeshana kwa muda waandike, na mwandishi aandike kwa haki, asikatae kuandika, na mashahidi wawekwe. Nilitabasamu peke yangu. Aya ndefu kuliko zote ilikuwa inazungumza habari za karani! Nilijiona mtu mkubwa, nikalala kwa raha.

Usiku wa nne nikaingia sura ya An-Nisaa. Hapo ndipo raha yangu ilipokwisha.

Lazima kwanza nieleze habari za kaka yangu. Kaka yangu alifariki mwezi wa Novemba mwaka 2016. Aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume na binti wawili, na huyo wa kiume alikuwa na miaka 12. Aliacha pia kishamba alichokilima mkewe, na vyumba viwili vya kupangisha pale mjini Migori, kila kimoja kwa shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa kuwa mama yetu alikuwa amekwisha fariki na baba pia, mimi ndiye niliyebaki kuwa mkubwa wa nyumba. Hapana aliyebisha. Tangu Januari 2017 kodi ya vyumba vile ilikuja katika simu yangu.

Kwetu Wajaluo mtoto wa ndugu yako hakuiti ami. Hukuita baba, nawe humwita mtoto wako. Ni desturi njema, na kwa ajili yake yatima wengi wamepata kula na kuvaa. Lakini mimi niliitumia desturi ile kama pazia. Nilisema moyoni: ikiwa watoto ni wangu, mali yao pia ni yangu, na nikiwalipia karo, nani ataniuliza salio? Kodi ile iliingia mfukoni mwangu ikachanganyika na mshahara wangu, kama vile mto unavyoingia ziwani ukapoteza jina.

Basi usiku ule nilisoma aya ya pili ya sura ile. Inaagiza yatima wapewe mali yao, kizuri chao kisibadilishwe kwa kibaya, na mali yao isiliwe pamoja na mali ya mlezi. Niliposoma habari ya kubadilisha kizuri kwa kibaya nilisimama, maana nilikumbuka mabati. Kaka yangu kabla ya kufa alikuwa amenunua mabati mapya 12 ili aezeke upya vyumba vile. Mimi nilikuwa najenga. Nikayachukua mabati yake mapya nikaezeka nyumba yangu, na yale yangu ya zamani, yenye kutu, nikayapigilia juu ya vyumba vya watoto. Wakati ule niliona ni akili ya matumizi. Sasa nilikisoma kitendo changu katika kitabu kilichoshushwa zaidi ya miaka 1,300 kabla ya kuzaliwa kwangu.

Nikaendelea. Aya ya sita inamwambia mlezi asiile mali ya yatima kwa pupa kabla hawajakua. Aliye na uwezo ajizuie, na aliye maskini ale kwa kadiri iliyo ya haki. Nikaanza kujitetea. Mshahara wa karani si utajiri, nikasema. Lakini nikajijibu kwamba mshahara huu mdogo huja kila mwezi, na shemeji yangu, mjane, hana siku ya mshahara. Kisha nikafika aya ya kumi, inayosema kwamba wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma hawatii matumboni mwao ila moto. Kodi ya mwezi wa Aprili ilikuwa imefika katika simu yangu juma lile lile. Samaki niliyefuturu naye usiku ule nilimnunua kwa fedha ile.

Nilifunga kitabu. Nikakumbuka maswali ya padri: Nani anasema? Anamwambia nani? Nilijibu yote mawili bila taabu. Na wewe unatakiwa ufanye nini? Nikatazama dirisha, kama wale wanafunzi wenzangu wa zamani.

Kisha nikafanya lile ninalolijua. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Tangu Januari 2017 hata Aprili 2020 ni miezi 40. Kwa shilingi 5,000 kila mwezi, jumla ni shilingi 200,000. Nilitafuta risiti za karo na sare na vitabu, maana karani hatupi karatasi, nikapata shilingi 84,500. Zilizobaki ni shilingi 115,500. Hizo zililipia pikipiki na mambo mengine ambayo sina haja ya kuyataja.

Chini ya hesabu ile nikaweka nyingine. Aya ya 11 na ya 12 zinaeleza mafungu ya urithi: mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata sehemu moja ya nane, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya binti. Nikagawa katika mafungu 32. Mke: 4. Mtoto wa kiume: 14. Binti wa kwanza: 7. Binti wa pili: 7. Jumla 32. Nikatafuta fungu la ndugu wa marehemu palipo na mtoto wa kiume, nisilione. Mbele ya jina langu nikaandika sifuri.

Nilirudi nyuma usiku ule ule kwenye juzuu ya pili, nikaikuta aya ya 220 ya Al-Baqara. Inaruhusu mlezi kuchanganyika na yatima, kwa kuwa ni ndugu, lakini inaonya kwamba Mungu anamjua mharibifu na mtengenezaji. Nilikuwa nimeisoma siku mbili tu zilizopita, nikaipita kama abiria anavyopita kibao cha barabarani pale Rodi Kopany akiwa amesinzia.

Kwa Maalim

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu kwenda Migori kwa njia ya Rongo na Awendo. Abiria tulikuwa wachache, kila mtu amefunika pua na mdomo, na ilikuwa lazima kufika kabla ya saa moja ya usiku. Nilikwenda kwanza kwa Maalim, ambaye sasa ni mzee sana. Tuliketi chini ya mwembe, mbali mbali.

"Asalaam aleikum, Maalim."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Umekonda. Ni saumu au ni maradhi?"

Nikamwonyesha kitabu na karatasi zangu. Alipoona kwamba nimekuwa nikisoma tafsiri peke yangu, uso wake ulibadilika. Akasema, "Kurani si gazeti, mwanangu. Kuisoma peke yako ni kama kuvuka mto wa Migori wakati wa masika bila mwenye kukijua kivuko. Mto haukuulizi kama nia yako ilikuwa njema."

Nikasema, "Ni kweli, Maalim. Lakini nimekaa ng'ambo hii zaidi ya miaka 20 nikingoja mtu wa kunivusha."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatazamia kwa mzee wa heshima yake: "Mimi nilifundishwa hivyo, nami nikafundisha hivyo. Leta karatasi."

Akaisoma hesabu ya urithi kwa kidole. Akasema kwamba mafungu ni sahihi, na kwamba kweli ndugu hapati kitu palipo na mtoto wa kiume. Kisha akauliza, "Na mahari ya mama watoto, ililipwa?"

Nilishangaa. Nikasema kaka alitoa ng'ombe kwa wakwe kama ilivyo desturi. Maalim akatikisa kichwa. "Ng'ombe walikwenda kwa baba mtu. Mahari ni ya mke mwenyewe. Mimi ndiye niliyefungisha ndoa ile. Kaka yako aliahidi cherehani, nayo iliandikwa kuwa ni deni." Akanifungulia aya ya nne ya sura ile ile, inayoagiza wanawake wapewe mahari yao. Kisha akanionyesha katika aya za urithi jinsi inavyorudiwa tena na tena kwamba mafungu hugawanywa baada ya wasia na deni. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo yote, na sikuyaona, kwa kuwa nilikuwa natafuta hesabu tu. Deni la cherehani lilipaswa kulipwa kwanza, kabla ya fungu la mtu yeyote.

Hapo nikaelewa mambo mawili kwa siku moja. Nisingesoma mwenyewe, nisingalikwenda kwa Maalim kamwe, wala yeye asingekuja kwangu kuniuliza habari za kodi. Na nisingekwenda kwa Maalim, ningalirudi nyumbani na hesabu yenye kosa nikidhani ni haki.

Kulipa

Jioni ile nilikwenda kwa shemeji. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, nayo yote yakapotea. Nilimpa karatasi tu. Aliisoma polepole, akaikunja, akasema, "Shemeji, mimi nilijua. Mpangaji alinionyesha fedha anazokutumia. Nami nilikuachia Mungu."

Nakiri kwamba maneno yale yalinichoma kuliko aya zote. Kwa miaka mitatu na zaidi mwanamke yule alinikaribisha chai katika nyumba yake, akawaambia watoto wanisalimu, akijua.

Tangu mwezi wa Mei mwaka ule kodi ya vyumba ilikwenda kwake, na mimi tangu Juni nikaanza kulipa deni langu, shilingi 3,500 kila mwezi. Malipo ya miezi mitano ya kwanza, yaani shilingi 17,500, yalinunua cherehani. Mabati 12 mapya niliyanunua mwisho wa mwaka, nikapanda juu ya paa mwenyewe nikayapigilia. Si kila mtu nyumbani mwangu alifurahi. Mke wangu aliniuliza kwa haki kwa nini watoto wetu wapunguziwe kwa kosa ambalo hawakulifanya. Sikuwa na jibu jema, ila kwamba pikipiki tuliyokuwa tukiipanda ilikuwa ya watoto wale. Niliiuza.

Malipo ya 33 na ya mwisho yalikuwa mwezi wa Februari 2023. Mtoto wa kiume alikuwa amekwisha kuwa kijana, na mama yake alishuhudia kwamba ana akili ya kutunza mali. Kama aya ya sita inavyoagiza, tuliita mashahidi: Maalim, mzee wa mtaa na jirani mmoja Mkristo. Nikasoma hesabu yote tangu mwezi wa kwanza hata wa mwisho, wakatia sahihi. Habari ya urithi wenyewe tuliipeleka mbele ya Kadhi, ambaye mahakama yake inatambuliwa na Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kwa Waislamu wanaokubali kupeleka kwake mambo ya ndoa, talaka na urithi. Nawasihi wasomaji wasiache mambo haya katika maneno ya mdomo. Maneno hufa pamoja na aliyeyasikia.

Kijana aliniita baba siku ile, kama alivyoniita siku zote. Lakini mimi nilisikia neno lile kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Lililobaki

Ndugu msomaji, sikushauri uwadharau walimu wako, wala ujifanye mwanachuoni kwa kuwa umesoma kitabu kimoja usiku. Kurani yenyewe inaagiza kuwauliza wenye kujua, na mimi nimeeleza jinsi nilivyopata kosa langu la pili kwa kuuliza. Lakini kitabu hicho hicho kinasema kwamba kimeshushwa ili watu wazizingatie aya zake, nacho kinawafananisha waliopewa kitabu wasikifuate na punda aliyebeba vitabu vikubwa. Punda hana kosa kwa kutojua kusoma. Mimi nilijua.

Mwenye kutaka kuanza, na aanze na kidogo. Afadhali aya tano kwa kuelewa kuliko juzuu nzima kwa kukimbia. Mimi mwenyewe sikumaliza zile juzuu 30 katika Ramadhani ile, maana baada ya usiku wa nne nilikwenda polepole mno. Asome Kiarabu chake ikiwa amejifunza, asiache, maana ndiyo sala yake. Lakini asome na maana. Awe na karatasi karibu, aandike asilolielewa amwulize anayejua. Na anapofika mahali ambapo anataka kufunga kitabu, hapo ndipo asome tena.

Siku hizi Maalim hukaa na vijana baada ya magharibi, wakasoma aya kumi kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili, na mimi nikiwa Migori huwaeleza walio wachanga kwa Kidholuo. Mzee bado ana fimbo yake nyembamba, lakini siku hizi huitumia kuonyeshea maneno. Juzi mtoto mmoja wa miaka kumi alimaliza kusoma, na Maalim akamwuliza, "Na maneno hayo yanasemaje?" Mtoto akaanza kujibu. Alikosea kidogo, akarekebishwa, akaendelea.